Ile Rangi ya Machungwa: Uzuri na Sumu katika Tablo za Kwetu

Wenzetu katika kijitabu hiki wameandika juu ya ngoma, juu ya mahari na juu ya majina ya mapacha. Sisi tuliombwa kuandika juu ya tablo zinazochorwa hapa Kolwezi, na baada ya kuzungumza sana tumeamua kuandika juu ya rangi moja tu: machungwa. Mmoja wa wazee wa chama alicheka. "Rangi moja? Hiyo itafika kurasa ngapi?" Tulimjibu asome kwanza.

Jambo lilianza wakati wa kiangazi, tulipomtembelea kijana mmoja mchoraji katika lupango lake. Hatutataja jina lake wala mtaa wake, hana kosa kuliko wenzake. Ukutani alikuwa ametundika tablo kubwa, imechorwa juu ya mfuko wa unga uliopasuliwa na kupakwa nyeupe kwanza, sawa vile wachoraji wa Katanga wamefanya tangu zamani. Kuna mto, mtumbwi, mitende miwili, mwanamke mwenye mtungi kichwani. Na nyuma yao mbingu yote ni machungwa. Maji ni machungwa. Hata mtungi umeshika machungwa. Tulisimama kimya, yeye akaelewa.

"Papa, minajua haupendi," akasema. "Lakini hii orange njo inauzisha. Muzungu anapita na motokari, anaona orange, anasimama. Nikitia nyeusi, anapita tu."

Pembeni, karibu na mlango, palikuwa na tablo nyingine, ndogo, haifiki urefu wa mkono. Ni usiku, umeme umekatika, mama anasonga bukari nje. (Hapa Kolwezi, mji ambao ule mstari mrefu wa umeme wa Inga unaishia tangu miaka ya 1980, kila mtu anajua usiku wa namna hiyo.) Tablo yote ni kahawia, nyeusi, na buluu ya kutisha kidogo. Machungwa iko mahali pawili tu: katika mbabula, makaa yenyewe, na katika ukingo wa mkono wa mama. Basi. Lakini ukiangalia unasikia joto. Tulimwuliza kwa nini hii haiko ukutani. Akasema hii si ya kuuza, ni ya nyumba.

Sisi tunasema wazi: ile ndogo ni kazi ya fundi, ile kubwa ni bidhaa. Na mkono ni mmoja, rangi ni moja. Hapo ndipo uhakiki wetu unaanza.

Wazee wetu hawakuwa na jina la pekee la machungwa. Katika mila za Waluba, Walunda na Wachokwe rangi zenye kazi ni tatu: nyeupe ya mpemba, nyeusi ya makaa, na nyekundu. Mtaalamu Victor Turner, aliyekaa na Wandembu wa upande wa Zambia, ndugu wa Walunda wetu, aliandika mengi juu ya rangi hizo tatu katika miaka ya 1960, na mzee yeyote wa huku angemwambia mambo yale yale. Machungwa ilihesabiwa ndani ya nyekundu. Ilitoka katika udongo wenye chuma, ao katika unga wa mti mwekundu uliochanganywa na mafuta. Mukula nao una utomvu kama damu, ule mti uliokatwa ovyo katika miaka ya 2010 na kupakiwa makamyo kwa makamyo kwenda Uchina. Nyekundu hiyo haikupakwa kila mahali. Ilipakwa juu ya uso wa mtu fulani, siku fulani, kwa sababu fulani. Mtu akiona alama ile, alijua ni mwali, ao mgonjwa aliyepona, ao mwindaji.

Katika ile tablo ndogo machungwa imefanya kazi namna hiyo hiyo, ijapokuwa mchoraji hakufikiri mambo ya mpemba na nyekundu hata kidogo. Imewekwa mahali penye maana. Katika tablo kubwa imemwagwa tu.

Wachoraji wetu wa kwanza walijua kujizuia. Pierre Romain-Desfossés alipofungua Hangar yake huko Élisabethville, 1946, hakutaka wanafunzi waige Ulaya, na kila mmoja akapata njia yake: Pili Pili Mulongoy na samaki na ndege wake, Bela akipaka kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga akijaza tablo kwa mistari mifupi mifupi. Tunaweza kulalamika juu ya Hangar (yule Bwana alipenda Mwafrika wa porini kuliko Mwafrika wa kiwandani, hiyo inajulikana), lakini hakuna aliyemwaga rangi. Baadaye wakaja wachoraji wa mtaani, na mkubwa wao ni Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa 1947, ambaye miaka ya 1973 na 1974 alichora historia yote ya nchi na kumweleza profesa Johannes Fabian kwa Kiswahili chetu, tablo kwa tablo. Watu wa wakati ule waliita tablo hizo ukumbusho. Neno hilo tulishike, tutalirudia. Tablo ya ukumbusho haikutundikwa juu ya kupendeza ukuta peke yake. Ilitundikwa sebuleni ili mgeni aulize, na mwenye nyumba aanze kuhadithia. Fimbo ya Colonie belge, Lumumba, Mamba Muntu. Sasa ile mbingu ya machungwa, mgeni akiuliza, mwenye nyumba atahadithia nini?

Hayo ni mambo ya macho. Lakini siku ile tuliona mambo mengine, na hayo njo yalitunyima usingizi.

Tulimwuliza anapata wapi machungwa. Akatoa vitu vitatu. Cha kwanza ni tyubu, imebaki robo, aliyoachiwa na mteja kutoka Ubelgiji. Imeandikwa orange de cadmium. Cha pili ni kopo la rangi ya mafuta, ile ya kupaka milango na mageti. Cha tatu ni kopo la nyanya lenye unga mkavu, machungwa ya kuchafuka kidogo, aliousaga mwenyewe kwa chupa juu ya bati. "Hii ya majiwe ni ya bure," akasema, kwa furaha. Halafu akachovya burosi katika ile ya tyubu, akaitia mdomoni ili kuchonga ncha, akachora ukingo wa jani. Mtoto wake wa miaka miwili alikuwa amekaa chini, karibu na bati.

Tulimwambia asilambe. Akasema: "Tangu nianze minalambaka burosi, na sijakufa."

Tuzungumze kwanza juu ya tyubu, kwa sababu hiyo ndiyo rangi ya kweli kati ya zile tatu, tena ina udugu na mji wetu kuliko watu wanavyofikiri. Kadmiamu ni madini laini yanayokaa ndani ya mawe ya zinki. Mjerumani Friedrich Stromeyer aliigundua 1817, na tangu miaka ya 1840 wachoraji wa Ulaya walianza kununua manjano na machungwa yaliyofanywa kwa kuunganisha kadmiamu na kiberiti. Karne ya 20 ilipoanza wakaongeza seleniamu, na kadiri inavyozidi, machungwa inazidi kuelekea nyekundu. Sasa Kolwezi ilikuwa na kiwanda cha zinki tangu miaka ya 1950, Métalkat, ambacho baadaye kiliitwa Usines à Zinc de Kolwezi chini ya Gécamines. Zinki ilichimbwa Kipushi. Na wakati wa kusafisha maji ya zinki, kadmiamu ilitengwa na kuuzwa nje. Papa wengi wa mji huu walifanya kazi pale. Migodi ya Kipushi ilisimama 1993 na haikuanza tena kutoa zinki mpaka 2024. Kwa hiyo tunaposema ya kwamba rangi hii ni ya wazungu, tuseme polepole. Madini yalitoka kwetu. Tyubu njo ilitengenezwa kwao. Hata seleniamu iko katika mawe ya Musonoi.

Sifa zake ni kubwa, tusizifiche. Machungwa ya kadmiamu inafunika. Ukiipaka mara moja juu ya nyeusi, nyeusi haionekani tena, wakati machungwa nyingine zinahitaji mikono mitatu. Haichuji ndani ya rangi ya jirani. Inavumilia moto wa mamia ya digrii, ndiyo sababu waliitia hata katika plastiki na vyombo vya udongo. Ndani ya nyumba, mbali na maji, mwanga hauiondoi upesi. Na ukiiweka karibu na buluu ya kobalti, zote mbili zinaruka. Renoir alijua siri ya kuweka machungwa karibu na buluu: tablo yake ya mtumbwi, ya 1875, iliyoko London, ina mtumbwi wa machungwa juu ya maji ya buluu ya kobalti. Machungwa yake ilikuwa ya kromu, si ya kadmiamu, lakini somo ni lile lile. Kijana wa Kolwezi anayekaa juu ya kobalti, katika nchi inayotoa karibu 70 kwa 100 ya kobalti ya dunia, amepaka mto wake machungwa juu ya machungwa. Buluu ilikuwa wapi?

Lakini rangi hii ina maadui wawili, na wote wako hapa kwetu. Wa kwanza ni mwanga pamoja na unyevu. Vikikutana, kiberiti cha ndani kinageuka, na rangi inapauka, inafanya vumbi jeupe. Si maneno ya kutisha watu. Tablo maarufu ya Matisse ya 1905 na 1906, Le bonheur de vivre, manjano yake ya kadmiamu imekuwa kama mchanga mahali pengi. Ya James Ensor, yule Mbelgiji, yenye kabichi, imetoa madoa meupe, na watafiti walieleza sababu mwaka 2009. Hizo zilikaa ndani ya nyumba za matajiri. Sasa tablo zetu zinatundikwa kando ya barabara, jua la Agosti, halafu mvua kutoka Novemba mpaka Aprili.

Adui wa pili ni shaba. Kiberiti cha kadmiamu kikikutana na rangi ya shaba, kinaweza kuungana nayo na kufanya nyeusi. Tumeona mafundi wanaochukua unga wa malakiti uliobaki katika kuchonga majivu na mayai ya kuuza, na kuutia katika tablo ili kupata kijani cha nyumbani. Ni wazo zuri, ni kijani chetu. Lakini ukiuchanganya na machungwa ya kadmiamu, baada ya muda jani lako litakuwa na donda jeusi. Malakiti ikae na udongo, na mpemba, na makaa. Na unga wake usivutwe puani, nao si unga wa muhogo.

Sasa tuseme juu ya mwili wa mtu. Kadmiamu ikiingia ndani inakaa katika figo miaka mingi, inaharibu figo, inalegeza mifupa. Kule Japani, kando ya mto Jinzu, watu waliokula mchele ulionyweshwa maji ya mgodi walivunjika mifupa wakilia kwa maumivu. Ugonjwa wenyewe waliuita "uchungu-uchungu" katika lugha yao, na serikali ikakubali sababu yake 1968. Tangu 1993 wataalamu wa kansa wa dunia wanaihesabu kadmiamu kati ya vitu vinavyoleta kansa kwa mwanadamu, zaidi kwa njia ya pumzi.

Hatupendi hata hivyo kuongeza chumvi. Kadmiamu iliyofungwa katika rangi haiyeyuki kwa urahisi, na tone juu ya ngozi, likioshwa, si msiba. Sweden iliomba Ulaya ikataze rangi hizi kwa wachoraji, na mwaka 2015 ombi likakataliwa. Hatari iko katika vumbi, katika moshi na katika mdomo. Mchoraji wa Ulaya anayekula kwa uma, anayeosha mikono kwa maji ya bomba, hatari yake si sawa na ya kijana wetu anayemega bukari kwa vidole vile vile. Tena yule wa Ulaya anaanza na mwili safi. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven walionyesha ya kwamba watu wa Katanga wanaokaa karibu na migodi na viwanda wana kobalti, kadmiamu, plomb na urani nyingi katika mkojo wao. Mwaka 2018 wakaonyesha mambo ya kobalti katika watoto wa Kasulo, hapa hapa, mtaa ambao tangu 2014 watu wanachimba chini ya nyumba zao. Mwili wa mtu wa Kolwezi umekwisha kupokea sehemu yake. Burosi mdomoni ni kuongeza juu.

Lile kopo la rangi ya mageti tutalisema kwa kifupi, ijapokuwa linatuogopesha kuliko tyubu. Machungwa na manjano za namna hiyo, zenye kung'aa na bei ya chini, mara nyingi zilifanywa na zinafanywa na kromati ya risasi, yaani plomb. Plomb inaharibu akili ya mtoto, na hakuna kipimo kidogo ambacho ni salama kwake. Kopo lisilosema ndani mna nini, sisi tunalihesabu kuwa na plomb. Kuchora nalo tablo ambayo itakaa sebuleni, rangi ikibanduka, mtoto akiokota, hapana. Hatuwezi kulisifu hata kama mchoro ni wa malaika.

Tufike kwenye mawe.

Katika mikutano ya chama chetu kuna sauti inayosema: turudi kwenye rangi za mababu, tuache tyubu za wazungu, tusage mawe yetu. Tunaiheshimu sauti hiyo, baadhi yetu tulikuwa tunaiimba. Lakini hapa lazima tuwapinge wenzetu waziwazi. Mababu walichukua udongo mahali walipopajua, udongo wa mtoni na wa kichuguu. Hawakuchukua jiwe lililotolewa mita mia chini ya ardhi na mashine. Jiwe la machungwa la Katanga si kila wakati chuma. Kule Shinkolobwe, karibu na Likasi, mahali Robert Sharp alipogundua urani mwaka 1915, kuna jiwe liitwalo kiriti, lilielezwa mara ya kwanza 1921 na kupewa jina la Pierre Curie. Rangi yake ni machungwa yenye kuelekea nyekundu, nzuri sana, ungesema ni makaa. Ni urani na plomb pamoja. Na msiseme Shinkolobwe iko mbali, ilifungwa kwa amri ya rais 2004. Musonoi, ambayo tunaiona kutoka mjini, imetoa mawe ya urani ya manjano na kijani ambayo yako katika majumba ya makumbusho duniani. Moja la manjano ya kanari, gilemineti, lilielezwa mara ya kwanza mwaka 1965 kutoka pale pale. Mwaka 2018 kampuni moja kubwa ya hapa Kolwezi ilisimamisha kuuza kobalti nje juu ya urani iliyoonekana ndani yake. Kama wenye mashine wanashtuka, mwenye chupa na bati afanye nini?

Tena tuone namna dunia inavyozunguka. Union Minière ilipoanza kutoa radiamu huko Olen, Ubelgiji, 1922, kutoka mawe ya Katanga, urani ilikuwa takataka ya kazi. Wateja wake walikuwa wenye kutengeneza vioo na vyombo, kwa sababu urani inatoa manjano na machungwa nzuri sana katika udongo wa kuchomwa. Huko Marekani, kuanzia 1936, sahani za Fiesta zenye rangi waliyoiita nyekundu zilikuwa kwa kweli machungwa ya urani, na watu walilia chakula. Vita ikaja, urani ikachukuliwa kwa bomu, na sehemu kubwa ya urani ile ilitoka Shinkolobwe. Kwa hiyo machungwa ya mawe yetu imekwisha kuwa rangi ya sanaa mara moja. Hatuhitaji kuirudia katika kopo la nyanya.

Tulimwambia kijana: huenda unga wako ni udongo wa chuma tu, na pengine ndivyo. Lakini jicho haliwezi kutenganisha, ulimi hauwezi, na hata uzito wa jiwe hausemi kila kitu. Jiwe lililotoka mgodini, la machungwa, la manjano kali ao la kijani kama limau, lisisagwe, lisiwekwe sebuleni, lisipewe mtoto kuchezea.

Akauliza, sasa nifanye nini, niache orange? Hapana. Tulikaa naye mpaka jioni tukizungumza mambo ya mikono. Tyubu ya kadmiamu anaweza kuitumia, lakini kwa nafasi ndogo, sawa na katika mbabula ya mke wake. Burosi haiingii mdomoni, ncha inachongwa kwa kitambaa chenye maji. Hapulizi rangi hiyo kwa pampu, hasugui tablo kavu kwa msasa. Akilazimika kusugua, aloweshe. Unga mkavu wa kadmiamu asinunue kabisa, anunue iliyokwisha kufungwa katika tyubu. Kama kuna vumbi, apanguse kwa kitambaa kibichi, asifagie. Kitambaa kavu puani hakizuii vumbi laini, kinachozuia ni maski ya kweli yenye alama FFP2. Asile, asivute sigara hapo anapochora, na mikono ioshwe kwa sabuni, hata chini ya kucha, kabla ya bukari. Kabla ya kuosha burosi aipanguse kwanza katika karatasi, ili rangi nyingi isiende na maji bustanini. Na jambo moja ambalo hatukulisoma mahali popote, tulilikuta kwake: mifuko ya zamani yenye tablo zilizoharibika alikuwa anawashia mbabula. Moshi wa kadmiamu na wa plomb, chini ya sufuria ya watoto. Hiyo tulimwomba aache siku ile ile.

Mke wake alisema anawapa maziwa kuosha sumu. Maziwa ni chakula kizuri, wasiyaache, lakini hayaondoi kadmiamu katika figo wala plomb katika damu.

Kama anataka machungwa bila kadmiamu, iko. Mgongoni mwa tyubu nzuri kuna alama: PO20 ni kadmiamu yenyewe, PO62 na PO73 ni machungwa za kisasa zisizo na madini haya. Hazifuniki sana, zinataka mkono wa pili, lakini fundi atazoea. Pale palipoandikwa imitation ao substitut, asione ni udanganyifu, pengine ni heri yake. Na kama anataka kweli njia ya mababu, achukue udongo wa manjano mbali na migodi, mbali na mito inayopita viwandani, auchome polepole juu ya bati: manjano itageuka machungwa, halafu nyekundu, na yeye mwenyewe ataamua wakati wa kuutoa motoni. Machungwa hiyo haipigi kelele. Haitasimamisha motokari. Lakini jua haliishindi, mvua haiishindi, na ukumbusho uliochorwa nayo wajukuu wataukuta bado una rangi.

Alisikiliza yote. Alicheka kidogo juu ya kuchoma udongo, akasema bibi yake alikuwa anafanya vile kwa kupaka nyumba. Halafu akafunga kopo la nyanya kwa plastiki, mara mbili, akalishika mkononi akiangalia huku na huku katika lupango.

"Papa, na hii nitaitupa wapi?"

Mtoni, hapana. Shimo la takataka, watoto wanachimba pale. Kwa jirani, hapana. Katika mtaa wake hakuna mahali panapopokea vitu vya namna hiyo, na sisi wa chama tulitazamana tu. Tulimwambia alitie katika bidoni yenye kifuniko, alifunge, aliweke nje, mbali na jiko na watoto, mpaka tuzungumze na watu wa mazingira wa jimbo. Barua tumekwisha kuandika. Bidoni bado iko nyuma ya choo chake, imewekewa tofali juu.